Karani wa Ndege

Bomba la maji limepasuka nyuma ya jiko langu tangu mwezi uliopita. Mafundi wamekuja mara mbili, wakalitazama kwa huzuni kama watu waliofika msibani, wakaondoka. Pale palipokuwa na bustani yangu ya mchicha pameota majani ya maji, vyura wamehamia, na jana asubuhi nilipofungua dirisha nilipigwa na harufu ya tope bichi na mizizi inayooza polepole. Yangeyange walikuwa wamesimama humo. Nasema walikuwa wamesimama. Sisemi walikuwa wangapi. Mwanamke mzima, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, niligeuza uso haraka kabla macho hayajaanza kuwapanga mmoja mmoja.

Wenzangu wa rika langu watanielewa. Kuna vyumba ndani yetu ambavyo chuo kikuu hakikupewa ufunguo wake. Harufu ile ilinifungulia kimoja, na tangu jana sijaweza kukifunga, kwa hiyo nakaa kuandika badala ya kwenda kugombana tena na watu wa maji.

Tulikaa mjini Arusha, nyuma ya msikiti, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na fundi cherehani. Baba alikuwa Mrangi wa Kondoa, dereva. Mama alikuwa Mwarusha aliyesilimu alipoolewa, na mama yake, ambaye tulimwita Koko, yaani bibi, alikaa Engutoto, ambako siku hizo hapakuwa mtaa wa mji bali migomba, kahawa kidogo na mazizi. Msije mkamfikiria ajuza mwenye busara. Koko alikuwa mgomvi, alinusa ugoro mpaka kanga ikabadilika rangi, na alimwita baba yangu “yule Mswahili” hata baada ya miaka kumi ya kula naye.

Lakini Koko alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja. Hakuhesabu kitu chenye uhai. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akawatazama ng'ombe wakiingia, kisha akasema, “Yule wa madoa, mwenye pembe iliyopinda, hajaja.” Na kweli hakuwa amekuja. Ukimuuliza ng'ombe wako wangapi, alikutazama kama umemuuliza atakufa lini. “Wapo,” alijibu. Watoto wake je? Wapo. Wajukuu? Wapo. Kumtaja kiumbe kwa namba, kwake, kulikuwa kama kumwonyesha kwa kidole mbele ya kitu kisichotakiwa kumwona.

Mwaka mmoja karani wa serikali alipita mtaani kwetu akiandika watu wa kila nyumba. Baba, ambaye aliheshimu sana karatasi, alimpa kiti, akamtajia watoto wake: watatu. Kabla mvua hazijaanza, surua ilimchukua mdogo wetu Hamisi. Koko alikuja msibani, akakaa siku nzima, na jioni akamwambia baba neno moja tu.

“Ulimtaja.”

Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko. Nililisikia, nikaliweka mahali ambapo mtoto huweka vitu ambavyo hatamwonyesha mtu.

Baba alikuwa akimwendesha mama mmoja wa Kiingereza, mjane, mrefu, mwenye shingo ya korongo, ambaye mji mzima ulimwita Bibi Darubini kwa sababu ya darubini iliyoning'inia kifuani mwake hata alipokwenda sokoni kununua vitunguu. Serikali ilimpa kazi ya kuhesabu ndege wa bwawa moja kubwa la matete, mashariki ya Mlima Meru, lililokuwa limetengwa kuwa hifadhi. Kila kiangazi, kwa asubuhi moja tu, alizunguka bwawa lile kwa gari tangu alfajiri mpaka jua lichome, kisha akapeleka hesabu kwa Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita afisa wa wanyamapori. Upande wa kusini wa bwawa wafugaji walikuwa bado wanaruhusiwa kunywesha mifugo wakati wa ukame. Ng'ombe wa Koko walikuwa miongoni mwao. Mjomba wangu aliwaswaga mwendo wa siku nzima kuwafikisha huko, na bila maji yale nusu yao wasingeuona mwezi wa mvua.

Karani aliyemwandikia Bibi Darubini alishikwa na malaria juma lile la kuhesabu. Baba akaona mlango umefunguka.

“Memsaabu, ninaye mtoto anayeandika.”

“Mtoto ya dereva naandika?” Kiswahili chake Bibi Darubini alikileta kutoka mashamba ya Kenya, na hakuona sababu ya kukibadilisha.

“Yuko darasa la nne, Memsaabu. Mwandiko wake unasomeka kuliko wa karani.”

“Basi, lete yeye. Kama nafanya kazi mzuri, mimi tatoa barua ya shule.”

Barua ya shule! Siku zile msichana aliyemaliza darasa la nne alirudi jikoni kusubiri posa. Shule ya bweni ya wasichana ilikuwepo, lakini nafasi zilikuwa chache kama meno ya kuku, na mwalimu mkuu alikuwa rafiki wa chai wa Bibi Darubini. Baba alikuwa ameitafuta njia ya kufika pale kwa mwaka mzima. Aliniambia habari hiyo huku akifunga kamba za viatu vyake, ameinama, ili nisione uso wake.

“Ni kuandika tu,” alisema. “Yeye atasema jina na namba, wewe unaandika jina na namba. Basi.”

Jina na namba. Sikulala vizuri.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mama alinivalisha sweta ya kaka yangu, akanipa viazi vitamu vya moto nishike mikononi kama mkaa, na wasia mmoja: “Usimpigie miayo Mzungu.” Bibi Darubini alikaa mbele na baba, mimi nyuma, na daftari lenye jalada gumu mapajani. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Tulipita mashamba ya kahawa bila kuyaona, tukiyajua kwa harufu ya maganda. Kisha tukatoka kwenye ukungu ghafla, na nyuma yetu kilele cha Meru kilikuwa tayari kina rangi ya papai bivu, wakati sisi huku chini bado tunahitaji taa za gari.

Langoni palikuwa na mti uliolazwa kukatiza njia, na askari wa hifadhi aliyevaa kofia ya manyoya yaliyokwisha.

“Salimu,” alimwambia baba, “leo umeleta karani wa sketi?”

“Huyo ndiye msomi wa nyumba. Simama vizuri, atakuandika.”

“Shikamoo,” nilisema.

“Marahaba, karani. Mimi niandike mrefu.” Akainua mti.

Sasa niseme kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani nitaona tope na matete. Baba alipozima injini kwenye kona ya kwanza, kimya kiliingia garini, halafu kimya chenyewe kikaanza kufanya kelele. Kitu kililia kama mlango usiopakwa mafuta. Kingine kilicheka. Mwari walikuwa wanaelea pamoja, wazito na wenye heshima, kama wazee wanaotoka msikitini. Korongo taji walitembea kwenye majani yenye umande wakiinua miguu juu mno, kwa jinsi ambavyo mama alitembea akivuka uwanja wenye matope na viatu vipya. Na mdiria, mdogo kama ngumi yangu, alijirusha majini na kutoka na samaki kabla sijafunga mdomo. Sikuwahi kuona viumbe vingi vizuri vikiwa hai kwa wakati mmoja. Ndipo hofu ilipokuwa hofu kweli. Kama ningewaona wabaya, pengine ningeandika tu.

Bibi Darubini alisimama juu ya kiti, kichwa nje ya paa, midomo ikichezacheza. Alihesabu kwa makumi, akigonga bati kwa kidole kila kumi lilipotimia. Tok. Tok. Kila kidole kilipogonga nilimwona Hamisi.

“Andika. Mwari, kumi na nane.”

Niliandika: Mwari. Kisha kalamu ikakataa. Labda mimi ndiye niliyekataa, lakini siku ile ningekuapia kwamba ni kalamu. Mbele ya jina nikaandika neno lililokuwa karibu kuliko yote.

Wapo.

“Korongo taji, saba.”

Korongo taji: wapo.

“Bata bukini, thelathini na moja.”

Bata bukini: wapo.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kweli. Nilipiga mistari kwa rula. Tulisimama kona tisa, na kila kona nilijaza ukurasa wangu kwa bidii ya mwanafunzi anayejua kwamba anaokoa roho. Kwenye kona ya sita tuliona ng'ambo ya maji ng'ombe wakiinamia bwawa, na mtu mwenye lubega nyekundu amesimama kwa mguu mmoja. Nilimjua mjomba kwa kusimama kwake. Nilitaka kumpungia mkono.

“Ng'ombe hii nakanyaga kiota,” Bibi Darubini alisema. “Mbaya sana. Mimi tasema kwa Bwana Nyama.”

Baba alitazama usukani.

Jua lilipokuwa kali tukapanda kilima kidogo, Bibi Darubini akajimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akavaa miwani, akanyoosha mkono kuomba daftari. Alifungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akarudi wa kwanza.

“Wapo,” alisoma. “Wapo. Wapo. Hii nini, wapo?”

Chai yake ilitoa mvuke. Mbali chini ndege walikuwa wameanza kutawanyika, na kila mtu pale alijua kwamba hesabu ya asubuhi haiwezi kurudiwa mchana.

“Salimu! Mtoto yako najua namba?”

Baba alikuja, akasoma juu ya bega lake. Nilimwona anaelewa. Alielewa haraka sana, maana yeye ndiye aliyekuwa amempa yule karani wa serikali kiti. Alinitazama, na nilitegemea kofi. Badala yake alivua kofia yake ya udereva, akaikunja, akaitia kwapani.

“Anajua, Memsaabu. Leo baridi imemshika vidole. Lakini hakuna neno. Mimi ninazo zote.”

“Wewe nazo? Wapi?”

Baba akagusa paji la uso. “Memsaabu ulikuwa unazitaja kwa sauti. Mimi nilihifadhi.”

Akaanza. Kona ya kwanza, mwari, kumi na nane. Korongo taji, saba. Kona ya pili. Alizitaja akiwa amefumba macho, kwa sauti ile ya mtu aliyehifadhishwa sura za Kurani tangu utotoni, bila kusita wala kurudi nyuma, na Bibi Darubini akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akifukuzana naye. Mara moja tu alisimama.

“Kwarara, mia moja na sita? Mimi nafikiri kidogo.”

“Wengine walikuwa nyuma ya matete, Memsaabu. Ulikuwa umegeukia huku.”

“Ah.” Akaandika. “Wewe macho mzuri sana, Salimu.”

Njia nzima ya kurudi nililia bila sauti. Tulipomshusha Bibi Darubini kwake na kubaki wawili, baba aliniita mbele.

“Wewe. Unalia nini tena?”

“Umewataja wote.”

“Nani?”

“Ndege. Umewataja, sasa watakufa.”

Baba alikwepa shimo moja la barabarani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka, machozi yakimtoka.

“Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia barabara! Nikikumbuka namba na mashimo yale, tungekuwa majini pamoja na mwari wako. Kona ya kwanza nilikumbuka. Mbili zilizofuata, kidogo. Kuanzia pale ni zangu.”

“Zako vipi?”

“Nimezitunga. Wale kwarara mia na sita hawajazaliwa. Nimemtajia ndege wasiokuwepo. Waliopo hawajaguswa na mtu.”

Sijawahi kumpenda binadamu yeyote kama nilivyompenda baba kwenye barabara ile. Mwanamume ambaye hakuwahi kunyonya hata kikombe cha petroli ya mwajiri wake alikuwa amesimama juu ya kilima na kusema uongo mfululizo, kona sita, kwa ajili yangu. Nilidhani pia kwamba ni mtu mwerevu kuliko wote duniani. Nilikula kiazi changu kilichopoa.

Barua ilikuja kabla ya Ijumaa. Shule ilijibu: nafasi ipo. Fundi cherehani jirani alinipima sketi mbili za kaki. Mama alimtangazia kila mtu kwamba mtoto wake alikuwa karani wa Bibi Darubini, na habari ikafika Engutoto. Koko alinusa ugoro wake, akasema, “Afadhali ndege kuliko watu,” na kwa mdomo wake hiyo ilikuwa pongezi.

Mwishoni mwa kiangazi kile Bwana Nyama aliitisha baraza langoni mwa hifadhi. Baba aliwaleta yeye na Bibi Darubini, nami nikaenda kwa sababu Koko angekuwepo. Wafugaji walikaa kwenye nyasi, na chini yao ng'ombe wao walikuwa wakinywa bwawani. Bwana Nyama alikuwa kijana mwenye magoti mekundu, na alisoma karatasi huku mkalimani akifuata nyuma. Hifadhi hii ni hazina, alisema. Ndege wameongezeka mno kuliko mwaka jana. Kisha akasoma majina na namba, na nikasikia zikipita moja moja hewani, namba za baba yangu, kwa sauti ya serikali. Kwarara, mia moja na sita.

Kwa hiyo, alisema, kuanzia kiangazi kijacho bwawa lote litafungwa kwa mifugo.

Mjomba alisimama. “Mwambie hivi. Kama ndege wameongezeka na ng'ombe wetu wamo, ng'ombe wamewadhuru nini?”

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mkalimani alitafsiri. Bwana Nyama alifikiri, maana lilikuwa swali zuri, kisha akalijibu kwa swali.

“Ng'ombe wenu wanaokunywa hapa ni wangapi?”

Wazee walitazama fimbo zao. Mkalimani aliuliza tena, kwa Kimaasai, polepole, kama anayezungumza na watoto.

“Wapo,” alisema mmoja.

“Wanasema wapo,” alisema mkalimani, na Bibi Darubini akainua kichwa. Bwana Nyama aliandika kitu kifupi. Tangu wakati huo nimefanya kazi katika ofisi za kutosha kujua alichoandika. Kitu kisicho na namba hakina pa kukaa katika faili. Ndege, hata wale ambao hawakuzaliwa, walikuwa na namba zao. Ng'ombe waliosimama pale wakipumua hawakuwa nazo.

Nilikuwa na miaka kumi, lakini sikuwa mjinga. Nilijua kwamba kwa sentensi moja ningeweza kuiangusha karatasi ile yote. Nilijua pia kingefuata nini: baba angetoka kwenye kazi, pengine angeingia ndani, na sketi zangu mbili angezivaa mtoto wa mtu mwingine. Nilimtafuta baba. Alikuwa kando ya gari, anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniachia.

Mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba utoto hauna lawama. Nawaacha waseme. Mimi najua saa hasa ambayo wangu ulianza kuwa na lawama.

Koko alikuwa amekaa karibu nami, goti lake limegusa langu. Hakuelewa Kiingereza, na hakumwamini mkalimani. Alinivuta sikio taratibu, kama alivyofanya alipotaka kuniambia jambo la sisi wawili.

“Wewe uliandika kitabu chao,” alinong'ona. “Ndege hao anaosema, ni kweli?”

Nilitazama mikono yangu.

“Ni kweli, Koko.”

Aliniangalia kitambo. Kisha akaliachia sikio langu na kusimama, akishika mgongo, vumbi likimdondoka kwenye kanga.

“Basi,” aliwaambia wenzake, “msibishane tena. Mtoto wetu alikuwepo, aliwaona.”

Na yeye aliyekuwa mgomvi kuliko wote akatangulia kushuka bwawani, kwenda kumsaidia mjomba kuwatoa ng'ombe majini.